Mikono Themanini ya Kushoto

Jumatatu ile niliulizwa maswali kumi na tisa kabla sijaonja chai. Niliyahesabu, kwa sababu mimi nikipandwa na hasira huhesabu. Wengine hutukana, wengine hulia, mimi huhesabu. Mama, uzi mweupe au ule wa maziwa? Mama, feni iwashwe? Mama, vifungo vimebaki saba, nishone saba au ningoje vingine? Watu wazima hawa, wana waume na wake, wana watoto wanaoota ndevu, wananiuliza mimi kama feni iwashwe.

Karakana yetu hushona sare: za wauguzi, za wapishi wa hoteli, za walinzi. Ni chumba kimoja kirefu. Upande wa madirisha kuna cherehani kumi na mbili, na upande wa ukuta kuna meza ya kukatia yenye urefu wa hatua kumi na moja. Meza hiyo ni yangu. Jina alilonipa mzazi wangu halitumiki humo ndani: mbele yangu wananiita Mama, nyuma yangu Mama Chaki, nami najua na wala sijali.

Sheria yangu ilikuwa moja. Kisu hakigusi kitambaa mpaka nichore mimi, na kikishagusa kinafuata chaki. Hakifuati macho ya mtu wala maoni ya mtu. Niliiweka mwaka wangu wa kwanza, baada ya mkataji mmoja mwenye kujua mno kuamua kwa akili zake kupunguza suruali za walinzi, eti walinzi wa siku hizi ni wembamba. Suruali sitini, na hakuna hata moja iliyopita mapaja ya mtu. Mkataji yule aliondoka na mdomo wake, mimi nikabaki na lawama. Tangu hapo, miaka kumi na minne, hatujawahi kuharibu oda. Karakana nzima haikosei, na karakana nzima haiwezi kukata kitambaa cha kufutia meza bila kuniita.

Sasa jicho. La kushoto liliharibiwa na maradhi nikiwa mtoto. Linaona mwanga na vivuli, basi. Maisha yangu yote nimefanya kazi kwa la kulia. Mwaka jana hilo la kulia nalo likaanza kuingia ukungu, kidogo kidogo, mpaka ikawa nikitazama taa naona taa tatu. Daktari alilimulika akasema ni mtoto wa jicho, kumtoa ni kazi ya nusu saa, lakini si wa kusubiriwa. Amekomaa vibaya. Akiachwa jicho litavimba kwa ndani, na likishavimba hata yeye hataweza kulirudisha. Tatizo ni kwamba daktari huyo wa upasuaji huja hospitali yetu mara mbili tu kwa mwaka, na kila akija hukaa siku chache. Safari yake ya kwanza sikwenda, kulikuwa na oda. Safari hii nilikwenda Ijumaa, nimefunga kula, nimeoga, nimejipanga. Muuguzi akaniuliza, "Nani atakurudisha nyumbani?"

"Miguu yangu," nikamwambia.

"Mama, utatoka hapa na bandeji jichoni. Nenda kalete mtu. Jumanne ndiyo siku ya mwisho."

Nikaondoka na jicho langu. Mdogo wangu, anayekaa mwendo wa saa nane kwa basi, akapiga simu jioni. Nikamwambia asihangaike kuja, jirani atanipeleka. Jirani mwenyewe sikumwambia kitu. Sipendi kushikwa mkono. Nikishikwa mkono naona kama nimeshazikwa nusu.

Karakana hakuna aliyejua, au ndivyo nilivyodhani. Ijumaa hiyo niliwaambia nina mambo ya familia, na niliporudi mchana nikakuta meza imekaa vilevile nilivyoiacha. Saa sita nzima, kitambaa kimetandikwa, kisu kiko kwenye umeme, na watu wananisubiri. Nilitaka kulia kwa hasira. Ndiyo maana Jumamosi nikaingia mapema kufidia siku iliyopotea, nikachora haraka.

Swali la ishirini, Jumatatu hiyohiyo, liliulizwa na mshonaji wa cherehani ya tatu. Alikuja na mikono miwili ya sare, mmoja huku na mmoja huku.

"Mama, wa kulia uko wapi?"

"Si huo hapo?"

"Huu wa kushoto."

"Na huo mwingine?"

"Na huu wa kushoto."

Nieleze kidogo, maana kosa lenyewe ni la watu wa meza ya kukatia. Mkono wa sare si bomba. Upande wa mbele umeingia ndani kidogo, wa nyuma umejaa, kwa hiyo wa kulia haukubali kushonwa kushoto. Tunachorea kadibodi moja iliyokatwa umbo la mkono. Unaichora mara moja, unaigeuza, unaichora mara ya pili. Chini yake kuna tabaka arobaini za kitambaa, zote zimetazama juu, ukikata unapata arobaini ya kulia na arobaini ya kushoto. Upande mmoja wa kadibodi una herufi kubwa ili ujue umegeuza. Jumamosi herufi hiyo sikuiona. Nilichora, nikainua kadibodi, nikaamini nimeigeuza, nikachora tena. Na kitambaa chenyewe kwa ndani kimefifia rangi, huwezi kukipindua ukamdanganya mtu.

Nilikwenda mezani, nikachukua rundo, nikalipapasa mkono mmoja mmoja. Mikono themanini. Yote ya kushoto.

Nikamwita Kisu. Hilo ni jina la utani la mkataji wetu, mtu wa makamo, mpole, baba wa mabinti watatu, aliyeshika kisu cha umeme miaka kumi na mmoja bila kujikwaruza. Alikuja akifuta mikono kwenye aproni.

"Wewe ndiye uliyekata hii?"

"Ndiyo, Mama."

"Hukuona?"

"Niliona."

"Uliona nini?"

"Niliona yote ni ya kushoto."

Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Nilihisi damu inapanda mpaka masikioni. "Umeona, na bado ukakata?"

"Nilikuuliza, Mama. Nilisema, 'Ndivyo?' Ukaniambia, 'Umeona chaki?' Nikasema nimeona. Ukaniambia, 'Basi kata.'"

Ni kweli. Nilikumbuka, na kukumbuka kulizidi kunichoma. "Ungesema! Una mdomo, ungesema kadibodi haijageuzwa!"

Kisu alitazama sakafu. "Wakati ule wa makoti ya wapishi nilisema."

Wakati ule wa makoti ya wapishi, miaka sita iliyopita, alisema kola ni fupi. Nikamsimamisha mbele ya watu wote nikamwambia siku atakayonunua meza yake ndiyo siku atakayochora. Na kola haikuwa fupi, nilikuwa sahihi, nataka hilo lijulikane. Lakini Kisu hakufungua mdomo tena kwa miaka sita.

"Na ninyi wengine?" nikageukia cherehani. "Hakuna mwenye macho humu?"

Aliyejibu ni Bi Vifungo, mkubwa wetu kwa umri, anayekaa pembeni akitoboa matundu ya vifungo. Hakuinua kichwa. "Tuliona sote. Tulidhani una mpango wako."

"Mpango gani wa mikono themanini ya kushoto?"

"Mimi nitajuaje? Wewe mipango yako hutuambii."

Kuna mtu alicheka, akajitia kukohoa. Ningemjua ni nani ningemtoa nje. Nilisimama pale, na hasira yangu haikujua pa kwenda. Nilitaka kuwaambia kwamba wamenisaliti, lakini walikuwa wamefanya nilichowaagiza, neno kwa neno, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Nimewatii watu gani mimi maishani mwangu kiasi hicho? Mimi bosi angenichorea mikono themanini ya kushoto ningempigia kelele mpaka dari lishuke.

Bi Vifungo aliweka mkasi chini. "Hukuiona herufi," akasema, safari hii taratibu. "Tangu mwezi juzi unanitambua nikishaongea tu. Nikinyamaza unanipita kama kiti."

Nilitoka nje, nikasimama ukutani karibu na mapipa ya mabaki ya vitambaa, nikavuta pumzi.

Tajiri, mwenye karakana, nilimpigia mwenyewe. Sikutaka asikie kwa mwingine. Akasema wauguzi wanakabidhiwa sare zao Alhamisi asubuhi kwenye sherehe yao, na yeye hatasimama mbele ya wauguzi arobaini wenye mkono mmoja mmoja. Kitambaa kilichobaki kwenye jora kinatosha mikono ya kulia peke yake, bila nafasi ya kukosea tena. Ili washonaji wawahi, lazima kikatwe Jumanne asubuhi, maana Jumatatu yote iliyobaki ilikuwa ya kukunjua jora na kutandika upya tabaka arobaini. "Nakutegemea wewe," akasema, akakata simu.

Jumanne asubuhi, ileile ya hospitali. Nilirudi ndani nimeshakata shauri: jicho lingoje miezi sita mingine. Nikachukua simu kuwapigia hospitali. Lakini nambari sikuiona. Niliisogeza simu karibu, nikaisogeza mbali, nikaipeleka dirishani, tarakimu zimeungana kama vile zimemwagiwa maji. Kisu alikuwa amesimama kando yangu. Sijui alifika saa ngapi.

"Unampigia nani, Mama? Nikusomee."

Nikamwambia. Sikukusudia, yalinitoka tu, yote, na jicho la kushoto, na Jumanne siku ya mwisho. Nilikuwa nimechoka. Akanisikiliza, halafu akaichukua simu mkononi mwangu, akaiweka mezani kifudifudi.

"Nenda. Nitachora mimi."

"Hujawahi kuchora."

"Nimekuangalia ukichora miaka kumi na mmoja."

Mchana ule nilimfundisha. Nilimwambia aanzie ukingo upi, aache nafasi ya vidole vingapi, apige chaki kwa ubavu na si kwa ncha. Nikarudia. Nikamwambia arudie yeye. Niliporudia mara ya nne akasema, bila ukali, "Mama, tumeelewana." Nikampa kile kipande cha chaki kama ninayeng'olewa jino.

"Hospitali unapelekwa na nani?" akaniuliza.

"Mdogo wangu anakuja," nikasema. Uongo wa pili ndani ya siku chache, na sikuona haya.

Jumanne niliamka kabla ya jua. Mpango wangu niliuona mzuri: mwenye bodaboda anayenipeleka kila siku nilimwomba aingie nami ndani, aseme yeye ni mpwa wangu, halafu aje kunichukua nikitoka. Akakubali, ni kijana mwelewa. Tulifika saa mbili. Chumba cha kungojea kilikuwa na benchi tatu za mbao zimejaa wazee, kila mzee na mtu wake ubavuni. Muuguzi alikuwa yuleyule. Aliniuliza maswali yake: nina mzio wa dawa? Sina. Nina kisukari, presha? Sina. Akaandika. Halafu akamgeukia mpwa wangu.

"Mama yako mkubwa huyu anaitwa nani?"

Kijana akanitazama. "Mama," akasema.

"Mama nani?"

"Mama wa saa moja kasoro robo." Ndiyo saa anayonichukua kila asubuhi.

Benchi zilicheka. Muuguzi hakucheka. Alimwambia kijana aende zake, akaniambia mimi niketi pembeni. Mpaka saa nne kamili, kama hakuna mtu wangu, nafasi yangu anapewa mwingine, na kuna watu saba wanaingoja.

Niliketi. Nilijaribu kumkumbuka mtu mmoja ninayeweza kumpigia, na kila niliyemkumbuka nilikuwa nimeshamwambia niko na mwingine. Niliziba mashimo yote kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikasirika na muuguzi, nikakasirika na kijana wa bodaboda, nikamkasirikia hata mdogo wangu kwa kuniamini.

Saa nne kasoro dakika ishirini mlango ulifunguliwa, nikasikia sauti inauliza habari zangu. Kisu.

Nilisimama kwa kasi nikajigonga kwenye benchi. "Unafanya nini hapa? Nani yuko mezani?"

"Mdogo wako alipiga simu karakana kukuulizia. Alisema jirani amekupeleka. Sisi tunajua umepelekwa na yeye. Basi tukajua uko peke yako."

"Nimekuuliza nani yuko mezani."

"Bi Vifungo anachora. Alikuwa anachora kabla hujaja wewe, hujui? Kisu kimeshikwa na yule wa cherehani ya tatu."

"Nilikuachia wewe. Wewe! Rudi sasa hivi."

"Sirudi."

"Mimi ndiye ninayekuambia."

"Nimesikia," akasema, akaketi. Mtu ambaye hakuwahi kuniambia hapana tangu nimjue aliketi kwenye benchi ya hospitali, akaweka kofia gotini, na hakukuwa na kitu ningeweza kumfanya.

Muuguzi alileta fomu ya msindikizaji, akampa na kalamu. Msindikizaji anathibitisha kwamba maelezo ya mgonjwa ni ya kweli, na kwamba likitokea la kutokea yeye ndiye atakayeamua kwa niaba yake. Saa ilikuwa ukutani. Sikuiona mishale yake lakini niliisikia.

"Weka sahihi," nikamwambia.

"Nasoma kwanza."

"Hakuna cha kusoma, ni fomu."

Alikuwa anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Nilitamani nimnyang'anye, lakini ningeinyang'anya nikaifanyie nini? Mwishowe kidole kilisimama.

"Dada," alimwita muuguzi, "hapa mmeandika hana presha."

"Ndivyo alivyosema."

"Weka sahihi," nikasema kwa kunong'ona. "Ukimwambia watanirudisha. Ni siku ya mwisho, unaelewa? Ya mwisho."

Kisu aligeuka akanitazama. Niliona kivuli cha uso wake tu. "Humeza vidonge vya presha kila siku saa nne," alimwambia muuguzi. "Sote tunamwona. Anadhani hatumwoni."

Muuguzi alinifunga mkanda wa kupimia mkononi, akaujaza upepo, akatazama, akaujaza tena. Halafu akamwita daktari, na daktari akaja na aproni yake ya kijani, akatazama pia. Nambari waliyotaja sitaisema. Daktari alisema angeanza kunikata na presha ile huenda ningelipoteza jicho palepale mezani. Sikujua niangalie wapi. Walinipa kidonge chini ya ulimi, wakanitoa mahali pangu, wakaniweka wa mwisho kabisa kwenye foleni; ikishuka nitaingia, isiposhuka nitakwenda nyumbani.

Tulikaa saa tano. Nilikuwa na hasira naye kwa kuwa alikuwa sahihi, na nilikuwa na hasira zaidi kwa kuwa simu yake haikulia hata mara moja. Hakuna mtu kutoka karakana aliyeuliza chochote. Nilimwambia apige aone kama wamekata. Akasema wakikwama watapiga wao. Akanunua chupa ya maji, akaniwekea karibu na mkono, hakunishikia.

Saa tisa alasiri walinipima tena, muuguzi akasema inafaa. Wakanivalisha gauni, wakanilaza kwenye kitanda cha magurudumu. Mlangoni, Kisu akiwa kando ya kitanda, daktari alisimama.

"Jicho limekomaa kuliko nilivyofikiri," akasema. "Naweza kujaribu njia fupi, au ndefu yenye usalama zaidi lakini utakaa wodini siku tatu. Tuchague ipi?"

Siku tatu. Alhamisi na sherehe ingepita nikiwa kitandani. Nilifungua mdomo kusema fupi, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza, nalo likashuka vibaya.

"Muulize yeye," nikasema.

Kisu alimuuliza daktari swali, daktari akajibu, akamuuliza lingine. Nililala pale nikitazama taa tatu za dari, nimefunga ngumi chini ya shuka, nikimsikiliza mtu mwingine akilikata shauri langu. Iliniuma, sitasema uongo tena, iliniuma mpaka machozi yakanitoka.

"Ndefu," akasema Kisu.

Wakanisukuma ndani.